Kwa nini rangi imebanduka kwenye bampa na kubaki kwenye saidi mira?

Swali: Habari mzee fundi. Mimi ni msomaji wako wa Arua. Nina Toyota Premio ya 2007, rangi ya fedha. Boda ilinigonga mbele, bampa ikapasuka, nikanunua nyingine mpya, nyeusi, ambayo haijapakwa rangi. Bei ya gereji ilinishinda, nikaamua kupaka mwenyewe. Nilinunua makopo ya sprei, nikapiga msasa, nikapuliza praima ya kijivu, kisha rangi, kisha kliya, ile ya juu isiyo na rangi. Siku hiyo hiyo nilipaka na vifuniko vya saidi mira vilivyokuwa vimekwaruzika. Vyote vilitoka vizuri. Wiki tatu baadaye nilipeleka gari washingi bei. Yule kijana alipoelekeza mashine ya presha kwenye bampa, rangi ikatoka vipande vikubwa vikubwa, chini plastiki nyeusi safi. Saidi mira hazina hata doa. Jirani yangu anasema niliuziwa sprei feki. Je, ni kweli? Na nikitaka kurudia nyumbani nifanyeje, au nikubali tu kulipa gereji?

Jibu: Salama, ndugu yangu. Jirani yako amekosea, na ushahidi umeuandika mwenyewe. Sprei ingekuwa feki, saidi mira nazo zingevuliwa nguo pale pale washingi bei. Kopo ni lile lile, mkono ni ule ule, siku ni ile ile. Kilichotofautiana ni kile kilichokuwa chini ya rangi.

Maneno yako "chini plastiki nyeusi safi" yalinipa jibu kabla sijamaliza kusoma. Rangi mbovu hufifia, hupasuka au hutoa unga ukiipangusa. Rangi inayotoka kama ngozi nzima na kuacha plastiki safi ni rangi ambayo haikushika tangu siku ya kwanza, ilikuwa imekaa tu juu ya bampa ikisubiri wa kuifukuza. Kama bado una kipande kimoja, kigeuze utazame mgongo wake. Nina hakika utakuta ni wa kijivu. Maana yake rangi ilishikana vizuri na praima, kliya ikashikana vizuri na rangi, na zote tatu kwa pamoja zikakosa pa kushika chini. Kwa hiyo usihangaike kubadilisha kopo la rangi. Hangaika na plastiki.

Ingia chini ya gari, au fungua bampa, utazame upande wake wa ndani. Sehemu nyingi za plastiki za gari zimegongwa herufi zilizobanwa katikati ya vimshale viwili, hivi: >PP<, >ABS<, >PP+EPDM-T20<. Ni utaratibu wa kimataifa, ISO 11469, uliowekwa ili plastiki zitambulike zinapotupwa au kuchakatwa upya, lakini wapaka rangi nao tumeufaidi. PP ni polipropilini. EPDM ni mpira uliochanganywa humo ili bampa iweze kubonyea na kurudi bila kuvunjika. T ni talki, unga wa jiwe, na 20 ni asilimia yake. Kwenye bampa asilia za Toyota unaweza pia kukuta TSOP, jina la Toyota wenyewe kwa plastiki ya ukoo huo huo wa PP. Bampa za kuiga zinazouzwa madukani nyingine hazina alama yoyote. Isiyo na alama ichukulie kuwa ni PP, na uitendee hivyo.

Halafu geuza kifuniko cha saidi mira. Mara nyingi utakuta ABS. Hiyo ni plastiki ngumu inayotumika pia kwenye grili na kwenye wilikepu nyingi, na kwa mpaka rangi ni plastiki ya kirafiki: vimumunyisho vilivyomo ndani ya rangi huilainisha kidogo juu, rangi ikapata pa kung'ata. PP hailainiki hivyo. Tina za kawaida, yaani vimumunyisho vya kuzimulia rangi, hupita juu yake na kukauka bila kuigusa. Ndiyo plastiki ya vile viti vya kukodi vya harusini. Tazama mgongoni mwa viti hivyo: jina la mwenyewe huandikwa kwa rangi, na baada ya misimu michache limebaki nusu, ingawa hakuna aliyekusudia kulifuta.

Wenye maabara hupima tabia hii kwa namba, nguvu ya uso wa kitu kuvuta kimiminika kitandae. PP huwa karibu milinyutoni 30 kwa mita, ABS karibu 40. Nyumbani huhitaji kipimo. Nyunyizia maji kwenye bampa mpya iliyooshwa vizuri: yatajikusanya matone matone kama umeyamwaga juu ya jani la yugwa. Rangi nayo hukutana na uso huo huo. Inatandaa kwa sababu umeipuliza nyembamba na inakauka haraka, lakini kushika ni jambo jingine.

Usiipe ABS sifa zote, hata hivyo. Vifuniko vyako vilikuwa na rangi ya kiwandani tayari, wewe ukavikwaruza kwa msasa na kupaka juu yake. Rangi ya kiwandani iliyokwaruzwa sawasawa na kusafishwa ni msingi bora kuliko plastiki yoyote tupu. Ndiyo maana bampa ya zamani yenye rangi yake ni rahisi kupaka kuliko mpya iliyo tupu, jambo ambalo wengi hawaliamini mpaka yawakute.

Utasikia pia ushauri wa kukata kipande cha plastiki na kukitia majini: kikielea ni PP, kikizama ni ABS. Kwa ndoo na viti unafaa. Kwa bampa utakudanganya. PP tupu ni nyepesi kuliko maji, lakini ukiitia talki asilimia 20 inakuwa nzito kuliko maji, inazama chini kabisa, nawe unaamini umeshika ABS. Soma alama.

Kilichokosekana kwenye bampa yako ni tabaka moja jembamba sana kabla ya ile praima ya kijivu: dawa ya kushikisha rangi kwenye plastiki. Huuzwa katika kopo la sprei au katika chupa ya kupulizia kwa bunduki, mara nyingi ni maji maji yasiyo na rangi au yenye ufedha kidogo. Ndani yake mna poliolefini iliyotiwa klorini, yaani kitu cha ukoo wa PP chenyewe kilichobadilishwa ili upande mmoja kipatane na plastiki na upande wa pili kipatane na rangi. Hapo ndipo fedha yako iende. Mtu ananunua rangi ghali, kliya ghali, halafu anaruka kikopo hiki kwa sababu hakionekani kazi ikiisha.

Ukienda dukani kuwa macho. Ukisema "nataka praima ya plastiki" unaweza kupewa praima ya kawaida ya kijivu yenye picha ya bampa mbele, na muuzaji hana nia mbaya, kwake praima ni praima. Soma nyuma ya kopo. Inayokufaa itataja PP, au TPO (ya ukoo huo huo wa PP yenye mpira), au PP/EPDM, kwa herufi. Isipotaja, iache. Arua ukiikosa, agiza Kampala kwa maduka ya rangi za magari maeneo ya Kisekka, lakini mwambie anayekuletea kwamba makopo haya yana gesi yenye presha na yanawaka moto. Karibu kilomita 500 ndani ya buti la basi lenye joto, yakisugulika na mizigo mingine, ni safari ambayo mimi nisingeyapeleka. Afadhali dawa ya chupa iliyofungwa vizuri ije na mtu mwenye gari lake.

Sasa kazi yenyewe ya kurudia.

Usipake juu ya ile iliyobanduka, wala usiridhike kusawazisha kingo za pale ilipotoka na kuacha sehemu nyingine "kwa sababu bado imeshika". Haijashika, imebahatika. Kata mistari midogo ya msalaba kwa wembe mahali panapoonekana pazima, bandika tepu imara, isugue kwa kidole, kisha ing'oe kwa ghafla. Ikitoka na rangi, na ninatarajia itatoka, rangi yote ya bampa iondoke. Presha ya maji itafanya nusu ya kazi kwa vile imeshaanza. Iliyobaki ikwangue kwa kipande cha plastiki ngumu, umalize kwa msasa. Dawa za kuondolea rangi za chuma usizitumie kwenye plastiki, nyingine huivimbisha au kuipasua. Na tina ya gari usiimwage kwenye ABS: itayeyusha uso na kukuachia ngozi inayonata.

Kisha kuosha. Hapa ndipo nitakaa kwa muda, kwa maana kazi nyingi za nyumbani hufia hapa hata dawa ya kushikisha ikiwepo. Bampa mpya hutoka kwenye kalibu ikiwa na mabaki ya dawa inayotumika kiwandani ili isigande ndani. Bampa iliyotumika ina jambo baya zaidi: silikoni. Yale mafuta ya kung'arisha matairi na dashibodi ambayo washingi bei hupaka kila kitu cheusi wakidhani wanakupendezesha, mengi yana silikoni. Tone lisiloonekana kwa jicho hufanya rangi ikimbie na kuacha vishimo vya mviringo, mafundi huviita macho ya samaki. Hakuna kupuliza zaidi kunakoyaziba, yanatanuka tu.

Anza na maji ya moto ambayo mkono unaweza kuyavumilia, sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, na ile pedi ya kijivu ya kusugulia inayouzwa kwenye maduka ya rangi. Sugua kila pembe, hasa mikunjo, matundu ya taa za ukungu na kingo zinazopinda kwenda ndani. Kingo ndizo presha ya maji hupenya kwanza. Suuza kwa maji mengi, rudia, acha ikauke kabisa. Kisha futa kwa dawa ya kuondoa mafuta na silikoni, au kwa alkoholi ya isopropili ukiikosa hiyo. Tumia vitambaa viwili safi: kimoja chenye dawa cha kulowanisha uchafu, cha pili kikavu cha kuubeba kabla haujakauka tena mahali pake. Kitambaa kimoja husafirisha mafuta tu kutoka kushoto kwenda kulia. Petroli haifai, inaacha mabaki. Mafuta ya taa usithubutu.

Zingatia utaratibu: kufuta mafuta kunakuja kabla ya msasa. Ukipiga msasa juu ya silikoni unaisukuma ndani ya mikwaruzo, na hapo hata kuiosha ni taabu. Ukimaliza msasa, futa tena.

Msasa wenyewe usiwe mkali. Nadhani wengi huamini mikwaruzo mikubwa ndiyo inayoshikisha rangi. Kwenye PP msasa wa namba 180 au 240 huinua vinyweleo vya plastiki, na hivyo havitoki tena, unaviona chini ya rangi vikiwa vimesimama. Tumia namba 400 hadi 600, kwa maji, ukimalizia na pedi ya kijivu hadi bampa nzima iwe imefifia bila sehemu inayong'aa. Kwa ABS ni hivyo hivyo. Kama bampa ina ufa, usijaze ile pati ya kawaida ya bodi. Ni ngumu na haishiki kwenye PP, itachomoka siku bampa itakapobonyea. Uchomelewe kwa joto, kwa kutumia ukanda uliokatwa kwenye bampa chakavu ya aina ile ile, kwa kuwa PP na ABS haziungani hata uzichome vipi, na kusawazisha kufanywe kwa pati laini iliyoandikwa kuwa ni ya plastiki.

Kupuliza sasa. Tikisa kila kopo dakika mbili kamili baada ya kusikia gololi ikigonga ndani. Asubuhi ya baridi liweke kwanza kwenye ndoo ya maji ya vuguvugu, si ya moto. Makopo mengi yameandikwa yasizidi nyuzi 50. Dawa ya kushikisha ipite mara moja au mbili, nyembamba kiasi cha kuonekana imelowa tu, na uifuate na praima ndani ya muda ulioandikwa kwenye kopo. Muda huo haurefushwi kwa sala: ukikupita, unafuta na kupuliza upya. Dawa hiyo haitakiwi kwenye sehemu zenye rangi ya zamani iliyo nzima, kazi yake ni plastiki tupu.

Praima mara mbili au tatu. Umbali wa sentimita 20 hadi 30, mkono usogee sambamba na bampa bila kuzunguka kama mlango kwenye bawaba, uanze kupuliza nje ya ukingo na uache nje ya ukingo, kila mstari ufunike nusu ya uliotangulia. Dakika kumi hivi kati ya tabaka na tabaka. Anayeharakisha hupata machozi, rangi inayotiririka, na kuyasubiri yakauke ili uyapige msasa huchukua muda mrefu kuliko huo ulioogopa kusubiri. Praima ikikauka vizuri ipitie kwa msasa wa namba 800 hadi 1000 kwa maji, laini kabisa, usitoboe hadi plastiki. Ukitoboa, rudisha dawa ya kushikisha mahali hapo. Hakuna njia ya mkato hapo.

Rangi yako ya fedha ina mitego yake. Nambari ya rangi iko kwenye kibati cha gari, ndani ya boneti au kwenye nguzo ya mlango kutegemea gari, kwenye mstari wa COLOR au C/TR. Fedha moja ya kawaida kwa Toyota za wakati huo ni 1F7. Usikisie, maana Toyota ina fedha nyingi. Mpe muuzaji nambari hiyo, na kama duka linachanganya rangi, mpelekee pia kifuniko cha tangi la mafuta akilinganishe juani: gari lililokaa chini ya jua letu kwa miaka halifanani tena na kibati chake.

Ndani ya fedha mna vipande vidogo sana vya alumini, na jinsi vinavyolala ndivyo rangi inavyoonekana. Ukipuliza bampa ikiwa imelazwa chini vinalala tofauti na ikiwa imesimama, na ukiirudisha kwenye gari itaonekana imetoka kwenye gari jingine. Isimamishe kwa kuitundika au kuiegemeza kama itakavyokaa mahali pake. Tabaka mbili au tatu za kawaida, kisha la mwisho upulize kutoka mbali kidogo, jepesi, likianguka lenyewe, ili kuondoa mawingu na milia. Usipige msasa juu ya rangi ya fedha kabla ya kliya, utakwangua alumini na kuacha doa. Jirani yako akiwa na nyeusi 202 au nyeupe 040, kazi yake ni rahisi mara mbili kuliko yako. Akiwa na nyeupe ya lulu kama 070, mwambie aende gereji tu. Hiyo hujengwa kwa tabaka tatu, rangi ya chini, lulu, kliya, na kulinganisha lulu kwa makopo ni kamari.

Kwa bampa zima la mbele hesabu makopo mawili hadi matatu ya rangi ya mililita 400 na mawili ya kliya. Usianze na kopo moja ukitarajia kununua jingine kesho. Kesho rangi itakuwa ya mchanganyiko mwingine.

Kliya ndiyo inayonifanya nikujibu "inategemea" kuhusu gereji. Zipo mbili. Ya kwanza hukauka kwa tina kuondoka tu, bila hadina, yaani dawa ya kuigandisha. Ni salama zaidi kuitumia, lakini ni laini, haipendi petroli, na kwa bampa inayopigwa na changarawe za barabara zetu haitadumu sana. Ya pili ina hadina, hujifunga kikemia, ni ngumu na inang'aa miaka. Siku hizi inapatikana hata katika kopo la sprei lenye kitufe chini cha kupasua hadina ndani, na ukishapasua unayo siku moja au mbili tu kabla haijaganda humo. Tatizo ni kwamba hadina hiyo ina isosianeti. Ukipuliza, unaivuta, na isosianeti inajulikana kwa kuleta pumu kwa wapaka rangi. Aliyekwisha kuipata, kiasi kidogo tu humrudishia. Barakoa ya kitambaa au ya vumbi haizuii mvuke wowote. Kwa sprei za kawaida vaa barakoa yenye vichujio vya mkaa, A2 kwa alama za Ulaya. Kwa hii yenye hadina gereji nzuri hutumia kofia inayoletewa hewa safi kwa mpira. Katika ua wenye watoto wanaocheza na mama anayepika kwenye sigiri hatua chache kutoka hapo, mimi siipulizi. Na kwa habari ya sigiri, mvuke wa rangi yoyote ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini na hushika moto.

Kwa hiyo ushauri wangu kwako si moja kati ya mawili. Saidi mira, grili na wilikepu paka nyumbani bila woga, na umeshaonyesha unaweza. Bampa, fanya mwenyewe kazi yote ya kuondoa, kuosha, msasa na kusafisha, yaani saa nyingi ambazo gereji ingekutoza, kisha ipeleke iwekwe dawa ya kushikisha, praima, rangi na kliya yenye hadina. Kaa pale. Uliza kwa upole, "Fundi, hii PP unaishikisha kwa nini?" Akikuonyesha kopo, kaa chini. Akikuambia msasa unatosha, mshukuru uende kwa mwingine, kwa maana utalipa na utarudi washingi bei kushuhudia yale yale. Wapo pia wanaopitisha moto haraka juu ya plastiki ili ishike. Ni njia ya kweli, viwanda huitumia, lakini kwa mkono uliozoea tu, na kamwe si karibu na tina wala nyumbani kwako.

Ukiamua hata hivyo kupaka bampa nyumbani kwa kliya isiyo na hadina, chagua siku. Kwenu miezi ya Desemba hadi Februari ni mikavu, rangi hukauka vizuri, ila upepo na vumbi jekundu ni adui. Puliza mapema asubuhi baada ya umande kuondoka na kabla upepo haujaamka, kivulini, ardhi ikiwa imelowanishwa maji. Jua la mchana likipiga bampa, rangi hukauka hewani kabla ya kufika na kuacha uso wa chenga chenga. Miezi ya mvua hewa yenye maji huacha ukungu mweupe ndani ya kliya, hivyo subiri siku kavu badala ya kujaribu bahati kati ya manyunyu mawili. Jioni chini ya balbu baada ya mvua usijaribu kabisa, kumbikumbi watakuja, na hawatakuja kula. Mdudu akitua, mwache. Kumchomoa na rangi mbichi huharibu mahali pakubwa kuliko yeye. Atatoka kwa msasa laini rangi ikishakauka. Hamisha magari na nguo zilizoanikwa, vumbi la sprei husafiri mbali kuliko unavyodhani.

Rangi itakauka kwa kuguswa ndani ya nusu saa, lakini kuiva ni wiki kadhaa. Mwezi wa kwanza osha kwa ndoo na sponji. Baada ya hapo mwambie kijana wa washingi bei asimame angalau nusu mita na asielekeze pua ya mashine kwenye kingo za bampa wala mahali palipochubuliwa na jiwe. Na asipake ile ya kung'arisha, hata akikuambia ni bure.

Makopo yaliyokwisha usiyatupe kwenye shimo la taka linalochomwa moto. Hata yakionekana matupu bado yana gesi, na hulipuka.